Pongo Alivyotuharibia Safari ya Serengeti

Habari zenu. Naomba jina langu libaki hapo hapo kwenu, maana ndugu wa mume wangu karibu wote wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka 37, Mhaya, nimeolewa na Msukuma, tuna watoto wawili, tunaishi Buswelu na nina duka la vitenge Igogo. Ninachoandika kinanitia kinyaa mimi mwenyewe, ila msinitukane kabla hamjafika mwisho.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, mgane, anaishi Bukoba. Likizo hii mume wangu alisema tumpeleke Serengeti, kwa kuwa mzee amefundisha watoto wa watu habari za simba miaka yote bila kumwona hata mmoja. Baba alifurahi mpaka akanunua kofia mpya ya pama. Tulitoka alfajiri na gari letu la Noah. Tuliona nyumbu, pundamilia, na twiga waliosimama barabarani kama wana hati ya kiwanja. Watoto walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Nikasema moyoni, kumbe mume wangu ana utu.

Mchana, karibu na mto, pongo, yule swala wa vichakani mwenye madoa meupe, akatokea. Baba akavua kofia, akawaambia wajukuu, "Huyo ndiye mwiko wa ukoo wetu. Mimi simli, mama yenu hamli. Hata sufuria iliyompika hatuigusi."

Mume wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akazima gari.

"Baba, mbona Pasaka ulimla pale kwangu? Ile nyama kavu uliyoomba uongezewe, ukasema mbuzi wa Usukuma ni watamu! Mbuzi gani? Ndo huyo huyo!"

Baba akashika kitasa cha mlango. Kule huruhusiwi kushuka ovyo kwenye gari, kwa hiyo alitapika ndani ya kofia yake mpya, mbele ya wajukuu zake. Mzee wa miaka sabini na mbili! Na mume wangu, bila hata chembe ya aibu, akasema, "Sasa unatapika nini, mzee? Si ilishaenda chooni zamani? Huu ni utani tu."

Mkwe anataniwa hivyo wapi jamani? Harufu ilijaa gari zima, yeye akateremsha kioo, akaendelea kuwatafutia watoto viboko mtoni. Niliutazama mkono wake kwenye usukani, mkono anaolia ugali sahani moja na mimi, nikasogea mlangoni. Hadi leo akinigusa mwili unakataa.

Kesho yake nilimsindikiza baba stendi ya Nyegezi. Hakunywa hata chai kwangu. Kabla ya kupanda basi akaniuliza, "Mwanangu, ile Pasaka na wewe ulikula?"

Nikajibu, "Nilikula, Baba."

Akaniwekea mkono kichwani. "Pole. Ametuharibu wote wawili."

Nilimdanganya. Sikula. Nyama ile niliipika mimi. Ilipoanza kuchemka harufu haikuwa ya mbuzi, nikamuuliza mume wangu ni nyama gani, akasema, "Pika, acha maswali." Nikapika. Sikutaka ugomvi siku ya sikukuu na mgeni yuko sebuleni. Mezani nikasingizia tumbo, nikala ndizi na maharage. Baba alipoomba aongezewe, mimi ndiye niliyechukua sahani yake nikaenda kumwongezea.

Sasa amewaita wazee wa ukoo Jumamosi ijayo ili tusafishwe pamoja, yeye na mimi. Kila jioni ananipigia simu kunifariji, "Umekula leo, mwanangu?" Nikikata simu nakwenda kunawa mikono, sijui hata kwa nini.

Kuhusu mume wangu sihitaji ushauri, huyo namjua sasa. Swali langu ni la Jumamosi. Nishaurini: nikae mkekani pembeni ya baba nisafishwe kwa ajili ya nyama ambayo sikuila, au nimwambie ni mkono wa nani uliompakulia?