Mtani wa Balozi Mustafa

Mpapura nzima humwita Balozi, ingawa ubalozi ulikwisha zamani na uprofesa amestaafu. Mustafa Nandonde aliiwakilisha nchi ugenini miaka mingi, akafundisha chuoni namna ya kupima neno kabla halijatoka kinywani. Jamani, angejifundisha mwenyewe kwanza!

Kila alasiri, watu wakijinyoosha, yeye husikia kicheko mikoroshoni nyuma ya nyumba. Ni cha Domingo. Dada yake Mustafa, Tatu, hasikii kitu, humwambia, "Kaka, soma Ayatul Kursi ulale." Huisoma. Kicheko humsubiri amalize, kisha huendelea.

Domingo alikuwa mkimbizi kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na mtani wake. Walitukanana kwa raha zao, wakaibiana hata kofia. Vita vya Msumbiji vilipokwisha, Mustafa alikuja likizo akitokea kwenye mazungumzo ya amani. Domingo akamuuliza kama njia ya shambani kwake kule ilikuwa salama. Mustafa alijua mabomu ya ardhini hayajateguliwa. Lakini walikuwa barazani, utani umepamba moto, akamchokoza: "Mwoga we! Unaogopa hata muhogo wako?" Watu wakaangua kicheko. Nani atakubali kuitwa mwoga na mtani wake? Kesho yake Domingo alivuka mto, bomu likamuua.

Celeste, mjane wake, yupo hadi leo, nyumba ya pili. Naye ni mtani, na ulimi wake mkali. Hata sheikh humkwepa. Ni Mustafa peke yake ambaye Celeste hamtanii. Humpa shikamoo akapita.

Hilo ndilo linalomtafuna mzee. Mtani akikunyima matusi, amekwisha kukuzika. Aliamini kwamba Celeste akimtukana japo mara moja, atakuwa amemsamehe, na alasiri zake zitatulia.

Wiki iliyopita alichukua jogoo wake aliyenona, akaenda naye kwa Celeste mchana kweupe, akamwachia uani. Jogoo wa mtani haachwi: hukamatwa, huchinjwa, na mwenyewe huchekwa mchuzi ukiwa mdomoni. Majirani walianza kutabasamu.

Celeste akainuka taratibu na mgongo wake mbovu. Akamvizia jogoo, akamnasa, akamfunga miguu kwa kipande cha khanga. Moyo wa mzee ukaruka kwa furaha. Kisha mama yule akapiga goti, akamkabidhi jogoo wake kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mheshimiwa. Kuku wako alipotea njia."

Watu wote wanatazama. Ikabidi aitikie marahaba.