Mama Ayuma Aliyefua Bahati ya Rovers

TUMEBAKI LIGI KUU! Wacha isemwe tena kwa wale wako nyuma: tumebaki! Mbotela Rovers haijashuka daraja, watu wangu, na imebaki ikiwa imevaa jezi nyeupe pepepe. Na kama kuna mtu bado anauliza nani alizifua, huyo amelala msimu mzima. Ni Mama Ayuma. Hiyo jina iandikwe na herufi kubwa.

Kwa kitambulisho anaitwa Phelister, lakini hiyo ni jina ya kanisa na hospitali. Hapa mtaani ni Mama Ayuma, juu Ayuma ni msichana wake wa kwanza, ameolewa Mowlem. Mama Ayuma amefulia Rovers jezi tangu ile enzi timu ilikuwa inachezea kiwanja ya vumbi, goli ni miti mbili, na mashabiki ni mbuzi. Hakuna mtu alimwandika hiyo kazi. Aliona tu vijana wakienda gemu na jezi zimekauka jasho mpaka zinasimama zenyewe kama mabati, akasema hapana, Mbotela haiendi kuaibika hivyo mbele ya watu. Akachukua karai. Timu ikapanda, ikapanda tena, mpaka ligi kuu yenyewe, ile wasee wanaangalia kwa TV, na yeye na karai yake wakapanda nayo.

Na kufua kwake si kufua ovyo. Anageuza jezi ndani nje ndio namba isibanduke. Kola inasuguliwa kwanza, peke yake, kama mtoto mtundu. Maji ya mwisho inatiwa bluu kidogo, halafu zinaanikwa kwa kamba ile inatoka bloku moja mpaka nyingine. Na anaanika kwa mpango: kipa kwanza, mabeki wanafuata, mpaka fowadi wako huko mwisho karibu na mfereji wa kuchotea maji. Mtaa mzima ulikuwa unasoma kikosi kwa kamba. Jezi ikikosekana, watu walijua huyo kijana ameumia kabla kocha atangaze.

Sasa, huu msimu ulianza vibaya. Rovers walifungwa na kila mtu. Kufika katikati walikuwa wanapumulia mkiani, na mkiani ndio kunatoka timu za kushuka. Hapo ndipo shangazi ya Mama Ayuma alifariki huko Vihiga, na yeye akasafiri kwenda kuzika. Unajua mazishi ya kwao, haiishi leo wala kesho. Timu ikabaki na seti moja ya jezi, ile nyingine alikuwa ameifungia kwake. Seti zenyewe ni mbili tu na zote ni nyeupe. Mama hayuko, hakuna mtu alifua. Vijana wakacheza gemu mbili na jezi hiyo hiyo, jasho juu ya jasho, na zote mbili wakashinda.

Nahodha wa Rovers ni Wabwire. Beki namba tano, ana kichwa cha kutoa mipira hata ya angani, lakini kwa mambo ya bahati huyo jamaa ni mwoga kuliko kuku. Kiatu cha kushoto lazima kitangulie. Laini ya chokaa hawezi kukanyaga akiingia uwanjani, anairuka kama mtaro. Na ni yeye alikumbusha wenzake ile sheria ya wacheza mpira inayojulikana Isili mpaka Kayole: jezi iliyoshinda haifuliwi.

Tatizo ni kwamba hakuna mtu alimwambia Mama Ayuma. Alirudi kutoka Vihiga amechoka, akakuta begi ya jezi imewekwa mlangoni, inanuka mpaka paka wa ploti alikuwa amehama. Hakuuliza kitu. Alifunga leso kiunoni akafua. Jumamosi Rovers wakavaa jezi safi, na wakapigwa nne bila.

Mtaa uligeuka siku moja. Batulo, jirani yake anayeuza leso na mashuka hapo kando ya Jogoo Road, ndiye alimletea habari. Alimwambia watu wanasema amefua bahati ya timu na sabuni ya kipande, halafu akaimwaga kwa mtaro. Mama Ayuma akacheka kwanza. Aliacha kucheka wakati alifika mfereji na akina mama wote wakampa mgongo, na jirani mmoja akatoa nguo zake kwa kamba, eti zisikaribiane na za Mama Ayuma.

Kukaitwa mkutano pale kiwanjani. Mwenyekiti wa timu ni Mbuthia, mzee wa duka ya spea, mtu mpole lakini msimu ukiwa mbaya anasikiliza kila mtu. Walizunguka zunguka na maneno, mara oh tunakuheshimu, mara oh wewe ni mzazi wetu. Wabwire ndiye alisema yenyewe.

"Mathe, si eti tunakuchukia. Lakini ulifua bahati yetu."

Mama Ayuma alimwangalia kutoka kiatu mpaka kichwa. "Nilifua jasho na kamasi," akamwambia. "Kama bahati yenu inatoka na sabuni, basi hiyo haikuwa bahati, Wabwire. Ilikuwa uchafu."

Kuna wasee walicheka, lakini Mbuthia alikuwa ameamua. Seti ile iliyoshinda gemu mbili itakaa kwa nahodha, na haitaguswa na maji mpaka ligi iishe. Mama Ayuma apumzike. Na timu ikishuka, hapo hata yeye mwenyekiti hataweza kumtetea, itabidi watafute mtu mwingine, na Mbotela yote itajua ni nani aliwashusha. Alisema hiyo ya mwisho akiangalia chini.

Hapo ndipo ilimchoma. Kupumzishwa angevumilia, lakini kutembea Mbotela maisha yake yote watu wakimnyoshea kidole, "huyo ndiye alituzamisha," hiyo alikataa. Alisimama akajipangusa vumbi. Akawakumbusha kwamba ile seti ya pili iko kwake, na hakuna mtu alimpa ruhusa ya kuanza hii kazi, kwa hivyo hakuna mtu wa kumpa ruhusa ya kuacha.

"Kazi yangu ni kufua na kuleta," akasema. "Kuvaa ni shauri yenu."

Na alimaanisha, jamani. Kila gemu ya nyumbani, Mama Ayuma alifika uwanjani na karai kichwani, ndani jezi zimepigwa pasi na kukunjwa, juu amefunika na leso. Anakaa kwa kistuli kando ya mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, karai mbele yake. Wachezaji wanapita wakiwa na zile zao za kunuka, hakuna anayeangalia. Gemu ikiisha anabeba karai yake anarudi nyumbani. Na akifika anazifua upya, eti zimepigwa na vumbi.

Mashabiki walimchezea sana. Kuna mmoja hakosi kumuuliza, "Mama, leo ni mandazi ama ni samosa?"

"Ni zote," anamjibu. "Siku njaa itawashika mtakuja."

Ayuma alimpigia simu kutoka Mowlem akamwomba aachane nao, hata huko wanamwongelea. Mama akamuuliza kama amekula, akakata simu. Batulo naye aliacha kumshauri, akaanza tu kufunga duka mapema na kwenda naye. Alikuwa anakaa kando yake ameziba pua na ushungi, anasema walahi hao vijana wananuka mpaka mpira unawatoroka.

Na si eti uchafu ulisaidia. Rovers walishinda moja, wakatoka sare, wakapigwa, wakapigwa tena. Lakini mtaani hesabu ilikuwa ya ajabu. Siku moja pale mfereji Mama Ayuma aliiweka wazi mbele ya kila mtu. "Mkishinda ni uchafu umewasaidia. Mkishindwa ni mimi. Sasa hiyo timu inacheza saa ngapi?" Ndoo zilijaa, watu wakaenda.

Ikafika gemu ya mwisho. Ukishinda unabaki, ingine yoyote unashuka. Wageni walikuwa Chuma Stars, timu ya wafanyakazi wa kiwanda, na hao jezi yao ni ya kaki tangu enzi na enzi, kaki ya ovaroli. Uwanja umejaa. Mama Ayuma yuko mlangoni na karai, Batulo kando yake. Mvua inanukia kwa mbali.

Timu zikapangwa ndani ya mlango wa kuingia uwanjani, laini mbili, refa akague vifaa. Refa akaangalia laini ya kwanza, akaangalia ya pili. Akarudia.

"Timu ya nyumbani iko wapi?" akauliza.

"Ni sisi hapa," Wabwire akasema.

"Mimi naona Chuma Stars peke yake. Wamesimama laini mbili."

Na ni ukweli! Zile jezi zilikuwa zimekula jasho, matope na vumbi ya murram nusu msimu, na hakuna mtu alikuwa ameona juu kila siku walikuwa wanacheza na timu za nyekundu ama kijani. Leo wamesimama kando ya kaki, na wao pia ni kaki. Namba kwa mgongo huwezi kusoma hata na tochi. Wachezaji wa Chuma Stars walianza kucheka, mmoja akamuuliza Wabwire ameandikwa kazi kiwandani lini.

Refa hakucheka. Alisema wabadilishe kabla ya saa ya kuanza, la sivyo Chuma Stars wanapewa pointi bure. Rovers wakarudi chumbani, Mbuthia akafungua begi, hakuna kitu. Akafungua begi la mipira, sijui alidhani nini. Halafu wote, kocha, kipa, mpaka wale wa benchi, wakageuza shingo wakaangalia mlangoni.

Mbuthia ndiye alitoka. Alimwomba Mama Ayuma awasaidie na hiyo karai, haraka tafadhali. Mama Ayuma akaweka mkono juu ya leso.

"Karai haiendi bila mimi."

Akaingia nayo. Akaiweka chini katikati ya chumba, akaketi kwa benchi ya wachezaji, na hakufunua. Akamwita Wabwire kwa kidole. Wabwire alikuja, jitu zima hilo, anaangalia viatu vyake.

"Mathe, saa inaenda," akasema.

"Inaenda kwako. Mimi niko na siku yote."

Refa alikuwa amesimama mlangoni anaangalia mkono wake wa saa. Wabwire alivua ile kaki. Ilimng'ang'ania kichwani kidogo kabla itoke. Akabaki kifua wazi mbele ya wenzake wote.

"Nipe jezi, mama," akasema. "Ile safi."

Hapo ndipo leso ilifunuliwa. Alizigawa yeye mwenyewe, mkono kwa mkono, kwa mpango ule ule wa kamba: kipa kwanza, halafu mabeki. Tano alimpatia zamu yake ilipofika. Batulo alikuwa amechungulia kwa dirisha, na ni yeye alipiga vigelegele vya kwanza. Vilipofika nje, uwanja mzima ulisimama bila kujua kwa nini, halafu Rovers wakatokea, weupe kama mayai.

Gemu ilikuwa ya kuua watu na presha. Chuma Stars waligonga mwamba. Mvua ikashuka. Nyuma ya Mama Ayuma kuna wasee walianza ile minong'ono, sabuni, sabuni, si tulisema, mpaka Batulo akageuka akawaangalia tu na hiyo ikatosha. Mama Ayuma mwenyewe hakuwa anaangalia mpira. Alikuwa anaangalia matope ikipanda kwa mgongo wa namba tano, anawaza hiyo itataka kuloweka usiku kucha.

Ikaja kona, gemu inaelekea kuisha. Mpira umekuja juu, Wabwire ameruka na kile kichwa chake, na ameukosa kabisa! Ukagonga makalio ya beki wa Chuma Stars, ukaingia nyavuni polepole kama mtu anarudi kwake. Moja bila. Watu wanasema si bao la maana. Mbotela hatubagui mabao. Kipyenga kikalia, tumebaki, na ile kelele walisikia mpaka mtaa wa Jericho.

Mbuthia alimtafuta kwa huo umati. Aliongea mengi, msamaha na shukrani imechanganyika, na akasema kazi ni yake mpaka atakapochoka mwenyewe. Mama Ayuma alimwambia kazi ilikuwa yake hata jana.

Lakini asubuhi ndio ilikuwa sinema. Wabwire alikuja mpaka mfereji na begi ya zile kaki, ameishikia mbali na mwili. Akasalimia akina mama wote, akasema amemletea Mama Ayuma jezi.

Mama Ayuma alisukuma kistuli na mguu. "Karai ndio hiyo. Sabuni ndio hiyo. Anza na kola."

Aliosha, buda. Nahodha wa timu ya ligi kuu amechutama mbele ya ploti nzima, maji ya kwanza imetoka kama chai ya strungi, ya pili hivyo hivyo, na kila akidhani amemaliza Mama Ayuma anachungulia anatikisa kichwa. Yule jirani aliyekuwa ametoa nguo zake alisogeza shuka zake kando bila kuambiwa, kamba ikabaki wazi. Na Wabwire alipotaka kuanika jezi yake kwanza, alikaripiwa. Kipa kwanza.

Zimekauka sasa. Ukipita Mbotela leo utaziona, kikosi kizima, kutoka bloku mpaka bloku. Tafadhali mtumie mtu mwingine hii story, haswa kama ni mtu alisema ile maneno ya sabuni.