Chewa wa Chini ya Gati

Kosa langu lilikuwa kumwambia mke wangu asinunue samaki. Siku hiyo mama yake alikuwa anatoka Shanzu kuja kula chakula cha mchana kwetu Bofu, ng'ambo ya kivuko, na mara ya mwisho alipokuja alimwambia mwanawe, mimi nikisikia, kwamba mume wake ni kama mtungi: pale ulipouacha ndipo utakapoukuta. Ni kweli. Mimi ni mtu wa nyumbani, hata dukani naagiza. Lakini mtungi? Basi nikajigamba kwamba mkwe wangu leo atakula samaki niliyemvua mwenyewe, hali maisha yangu yote sikuwahi kuvua hata dagaa.

Iliyoniponza ni simu. Wiki mbili nzima nilijilaza kochini nikitazama video za watu wanaorusha chambo cha mpira, kikarukaruka juu ya maji na kuteleza hadi chini ya gati, kwenye kivuli, ambako samaki hujificha jua likiwa kali. Shemeji akaniazima fimbo yake ya kuvulia. Nikafanya mazoezi ukumbini: kitanda ndicho gati, sakafu ndiyo bahari. Kila nikirusha, chambo kinateleza uvunguni sawasawa. Nikajiona fundi. Sikufikiri kwamba sakafu haina mawimbi.

Saa tatu nikawa pwani, kwenye gati dogo la mbao. Jirani yangu, mama karanga, kama tuwaitavyo wanawake wanaokaanga samaki wa kuuza milangoni pao, alikuwa ameketi gatini juu ya ndoo tupu akiwangoja wavuvi warudi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaitazama ile fimbo, kisha akaniuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, maana hajawahi kuniona mbali hivi.

Nikakunja suruali, nikaingia maji ya magoti ubavuni mwa gati. Mrusho wa kwanza ulizama hapo hapo miguuni pangu. Wa pili ulipita juu ya gati ukanasa leso ya jirani. Akaichomoa ndoana taratibu.

"Samaki wako chini, mwanangu," akasema. "Mbona wanivua mimi?"

Saa nne ikapita. Mkwe wangu sasa yuko kivukoni, na jikoni kuna nazi iliyokwisha kukunwa inayomngoja samaki. Jasho likanitoka. Ndipo nikakumbuka vigae. Utotoni tulishindana kuvirusha vikaruka juu ya maji, na hakuna aliyerusha akiwa amesimama wima kama askari wa gwaride. Nikainama upande, nikaushusha mkono chini ya kiuno, ncha ya fimbo ikakaribia kulamba maji, nikafyatua kwa kifundo cha mkono tu.

Chambo kikagusa maji kikaruka, kikagusa kikaruka, kikagusa tena, kikapenya gizani baina ya nguzo mbili kama mtoto aliyechelewa madrasa. Nikapiga kelele peke yangu. Samaki hakuwapo, wala sikujali. Nilirusha tena nione kama kweli ni mimi. Kikapenya tena. Wallahi, nilikuwa tayari kurusha hivyo mpaka jioni, mkwe asahauliwe.

Mara ya nne mshipi ukakazika. Kitu kikanivuta kuelekea nguzoni. Nikarudi kinyumenyume, fimbo imepinda, kandambili moja ikaenda na maji, mpaka akatokeza juani: chewa, mwenye madoa, mdomo wazi. Nikampandisha gatini, nikamlaza mbele ya jirani, nikamsimulia mirusho yote hatua kwa hatua kana kwamba yeye hakuwapo.

Wavuvi walikwisha rudi, na ndoo yake sasa ilikuwa imejaa kolekole. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akamlaza chewa wangu kiganjani. Vidole vikamzidi samaki. Halafu akachagua kolekole wawili wanene, akanitilia mkononi.

"Huyo wako mwonyeshe mkweo, ajue ulitoka nyumbani," akasema. "Kula, mtakula hawa."