Popi amegoma kushuka kwenye gari

Jamani, niko Koboko na mbwa amekataa kutoka kwenye gari ya mutu!

Popi ni mbwa wa marehemu baba. Tangu mazishi analala juu ya kaburi, hataki kula. Leo nikaita gari kwa simu, nimtoe kijijini Pajulu nije naye kwangu.

Popi huogopa magari. Hili aliruka ndani mwenyewe. Akanusa kiti cha nyuma, akajilaza, akaanza kulia.

Nikamwomba dereva msamaha. Akageuka, akamtazama Popi.

"Dada, baba yako ni ule mzee tulitoa hospitali ya Kuluva? Ni mimi nilileta mwili. Alilala hapo hapo. Gari nimeosha mara mingi..."

Sasa dereva amezima injini, anangoja.

Nimwambie nini?

Mimi mwenyewe nimehamia kiti cha nyuma.