Niliombea Sukari Isiishe

Nichekeni tu, wamama wenzangu. Mimi nauza chai Dagoretti Corner, na jioni nasoma uchumi. Mwalimu alitufundisha kwamba meli ya sukari ikichelewa kufika Mombasa, hata biashara ndogo ya huku inaumia. Basi Jumapili nikasimama kanisani, nikasema, "Tuombe sana, sukari isiishe!"

Jumatatu nikaenda kununua sukari ya kibanda changu. Nikakuta foleni mpaka barabarani, na kabla sijafika mbele, mwenye duka akasema imeisha. Sasa wateja wangu ningewapa nini? Nikapiga kelele, "Ni nani huyu mropokaji ametisha watu hivi?"

Foleni yote ikageuka. Jirani yangu, Mama Ruth, akakumbatia mfuko wake wa sukari.

"Si ni wewe, Mama Daudi? Tulidhani Mungu amekuonyesha."