Bunduki Niliyomchorea Mjomba

Jumamosi iliyopita shemeji alitupeleka sinema mjini, mie na dada. Ilikuwa picha ya kuchekesha, ya wanajeshi wa Kiingereza wanaoangukiana hovyo matopeni. Mara akatokea askari mmoja mnene, amebeba bunduki fupi yenye mshikio juu kama wa pasi ya mkaa. Ukumbi mzima ukacheka. Mie nikamkamata dada mkono mpaka bangili zikamuumiza. Tulipotoka, shemeji, ambaye alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza huku kwetu, alituambia kwamba bunduki ile Waingereza waliijaribu tu, wakaiacha. Yeye na miaka yake yote ya jeshi hakuwahi hata kuigusa. Siku hizi, akasema, imebaki ya waigizaji. Nikamwambia mie niliiona Temeke, nikiwa na miaka kumi. Akadhani namtania.

Wewe najua hutanicheka, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Temeke ya wakati ule ilikuwa minazi na mashamba ya mihogo, nyumba za udongo zimekaa mbalimbali, na kimya kilivyokuwa, ukikohoa jirani wa tatu anakupa pole. Nililelewa na bibi mzaa mama, pamoja na mjomba, aliyekuwa seremala. Asubuhi niliamshwa na harufu ya vitumbua na mlio wa randa uani, na kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kuzoa maranda ya kuwashia moto. Vitumbua vyetu vilikuwa na ladha ya mninga kwa mbali. Mpaka leo nikila vya wengine naona vimepungukiwa kitu.

Mjomba alikuwa pia sajini wa beni. Kama hukuwahi kuiona, beni ilikuwa ngoma ya kijeshi: wanaume wa mtaani wamevaa kaptula nyeupe, wanapiga tarumbeta, wanakwenda kwata barabarani, kila mmoja na cheo chake na bunduki yake ya mti. Wapinzani wetu wa Kinondoni walituzidi sare, na kila tukishindana walitucheka. Mjomba akawa anatafuta kitu cha kuwanyamazisha.

Kitu hicho nilikileta mimi. Jioni moja gari la sinema la serikali lilikuja kwenye uwanja wa shule, likatundikwa shuka jeupe. Tukaonyeshwa kilimo cha pamba, tukaonyeshwa namna ya kuchimba choo, kisha tukaonyeshwa wanajeshi huko Uingereza, wamebeba bunduki ileile. Bwana aliyekuwa akitufasiria kwenye kipaza sauti alisema hii ndiyo bunduki mpya kabisa, risasi zake zinakaa nyuma ya kidole, karibu na kwapa. Mjomba hakuwepo, alikuwa anamalizia kitanda cha bwana harusi. Nikakimbia nyumbani, nikachukua penseli yake, nikamchorea kwenye kipande cha ubao. Akautazama, akaugeuza, akasema bunduki gani imekatwa mkia hii. Kesho yake alikuwa ameanza kuichonga. Aliipaka masizi na mafuta ya nazi ikang'aa, mpaka bibi akakataa isilale ndani.

Siku ya shindano, Jumapili alasiri, wa Kinondoni walipomwona walianza palepale.

"Sajini, umekuja kupigana au kunyoosha mashuka?"

"Nimekuja kuwanyoosha nyie," mjomba akawajibu, na watu wetu wakaangua kicheko. Mie nilijiona nimekuwa jenerali.

Ndipo gari la polisi liliposimama. Ulikuwa wakati wa vita vya Kenya, na wakubwa walishtuka kila walipoona watu wamejikusanya. Akashuka afisa mmoja wa Kizungu. Bunduki nyingine zote za mti alizipita kama mifagio. Ya mjomba akaichukua, akaiweka begani, akakigusa kile kisanduku cha risasi cha nyuma. Tarumbeta zikanyamaza moja baada ya nyingine. Akauliza, kwa Kiswahili cha polepole, bunduki hii ameiona wapi. Mjomba akanitazama. Mara moja tu, halafu akatazama pembeni.

"Nimeiota, bwana."

Wachache wakacheka. Afisa hakucheka. Polisi wakampandisha garini, yeye na bunduki yake.

Jioni ile jirani yetu, tarishi wa ofisi moja mjini, alikuja kutunong'oneza kwamba bunduki ile ni siri ya serikali, na anayetafutwa sasa ni huyo aliyemwonyesha. Hakuna aliyekumbuka kwamba serikali hiyohiyo ndiyo iliyotuonyesha uwanjani. Hofu haikutupa nafasi ya kukumbuka. Bibi akaniuliza ubao uko wapi. Akaupasua kwa shoka, akausukuma chini ya sufuria ya kunde, nami nikakaa nautazama mchoro wangu ukiliwa na moto kuanzia kwenye mtutu.

"Wewe hujachora kitu," akaniambia. "Hata akikuuliza mwalimu."

Siku zikawa mbili, zikawa tano. Gari likipita tu, mie niko nyuma ya pipa la maji. Siku ya saba, darasani, ndipo akili iliponirudia: nusu ya watoto waliokaa mle walikuwa wameiona bunduki ile pamoja nami. Kumbe ni kwenda tu kusema. Nikatoka shule, nikaenda kituo cha polisi peke yangu. Nikafika mpaka kwenye ngazi. Askari wa zamu akageuka, nikaona viatu vyake. Nikakimbia, sikusimama mpaka nyumbani.

Mjomba alirudi siku ya tisa, kwa miguu, midomo imepasuka. Bibi akampa uji, akamuuliza kwa nini hakuitaja sinema.

"Mie sikwenda sinema, Mama. Wangeniuliza nani alikwenda."

Akaendelea kunywa uji wake, wala hakunitazama.

Beni yetu haikutoka tena. Kaptula zile nyeupe, wake wa wachezaji walizikata wakawashonea watoto, na tarumbeta moja niliikuta baadaye kwa muuza mafuta ya taa, ameifanya faneli. Minazi mingi imekatwa. Watoto wa Temeke ya sasa ukiwaambia watu wazima walikuwa wakipigana kwa kwata na nyimbo, wanakutazama tu.

Mjomba bado ni seremala. Juzi, baada ya ile sinema, nilikwenda kumsalimu, na kwa mara ya kwanza nikamwambia kwamba siku zile nilitaka kwenda kumtoa kituoni. Akaendelea kupiga randa kidogo.

"Ukafika mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye ngazi, Mjomba."

Randa ikasimama. Akakaa juu ya mbao zake, mzee wa watu, akanitazama kana kwamba mie ni mtoto yule, ndiyo kwanza nimetoka kwenda kituoni na bado sijarudi.