Mama Viti Hakukimbia

Wifi yangu hakukimbia. Naanza na hilo kwa sababu maneno yameshatembea mno, na nimeyasikia kwa masikio yangu kwenye foleni ya benki, saluni, na mara moja sebuleni kwangu, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anakunywa chai yangu. Wako wanaosema Kiingereza kilimpiga chenga mbele ya dunia nzima. Wako wanaosema presha ilipanda. Mama mmoja mwenye duka la vitambaa, ambaye hata mlango wa ukumbi wa mkutano wenyewe haujui, huwaeleza wateja wake jinsi wifi alivyotorokea dirishani akiwa na viatu mkononi. Ukumbi uko ghorofa ya pili.

Chama cha wifi na wenzake kimeniomba kurasa chache juu ya maisha yake, ziwekwe kwenye jarida lao. Nimekubali, na nitaandika kwa namna yangu.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu, mdogo wake wa pekee. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa mpaka alipostaafu. Wa rika langu wanaikumbuka kazi hiyo: chumba kidogo kisicho na dirisha, ubao wenye matundu na nyaya, mtu analia upande huu anatafuta wodi ya mama yake, daktari anafoka upande ule. Siku za Jumapili akija kula kwetu alikuwa akitusimulia.

"Kazi yangu ni kuwakutanisha watu halafu nitoke kwenye laini," alisema. "Ukibaki kusikiliza, umekuwa mbea. Ukitoka mapema, simu imekatika."

"Na wewe bibie, hubaki?" mume wangu alimchokoza.

"Nabaki kidogo tu, kaka. Nihakikishe wamepatana."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wewe kula, chakula kinapoa."

Alipostaafu, watu wa hospitali ile ile walimwomba aendeshe kikao cha kina mama waliojifungua watoto njiti. Walimjua kwa sauti, basi. Kutoka hapo akapelekwa kusomea uwezeshaji. Mwezeshaji, kwa asiyejua, ni mtu anayeendesha kikao cha kundi bila kulihutubia. Anauliza, anasikiliza, anaangalia yule aliyejikunyata pembeni naye apate nafasi. Watu hawa wametapakaa duniani na wana jumuiya yao. Mara moja kwa mwaka hukutana siku moja, wakati mmoja, kila kundi katika mji wake, na wote hupewa swali moja la kuzungumza. Mwishoni makundi yote huunganishwa kwa kompyuta, na mratibu wa kila nchi hutoa salamu kwenye skrini kubwa. Mratibu wa nchi yetu, miji yote, ni wifi yangu.

Kazi yenyewe nimeishuhudia kwenye meza yangu ya chakula. Alihamia kwangu baada ya kaka yake kufariki, akisema nyumba yake imeingia unyevu. Nyumba yake haina unyevu. Alikuja na sanduku moja, kompyuta, na simu mbili, akakaa upande wa meza unaotazama ukuta, ule wa mume wangu akauacha kama ulivyo.

Asubuhi nzima utamsikia.

"Fundi, chumba umepata? Na viti? Nasema viti, sio mabenchi. Mtu wa benchi anatazama kisogo cha wa mbele. Nataka watazamane. Haya, na umeme ukikatika? Jenereta ya nani? Ya shemeji yako? Mnasemeshana siku hizi? Basi kapatane naye kwanza, halafu unipigie."

Fundi huyo ni mchomeleaji wa mageti katika mji wa mbali, anayeendesha kikao cha vijana wanaojifunza kazi kwake. Ndiye aliyembandika wifi jina la Mama Viti, na limeganda. Katika miji yote hakuna anayemwita vinginevyo. Hata barua kutoka ng'ambo iliwahi kuja imeandikwa hivyo, na mimi niliyepokea nikamwambia msambazaji barua, "Hapa hatuuzi fanicha."

Kama hujawahi kuketi na wawezeshaji watupu, hujui shida. Wote wamezoea kuuliza na hakuna aliyezoea kuamua. Siku moja waratibu wa miji walikutana kwangu. Nikauliza wanakunywa nini, chai au kahawa. Mmoja akasema, "Swali zuri sana hilo." Wa pili akasema, "Wenzangu, mnalionaje?" Wa tatu akapendekeza wasikilize kwanza wale ambao hawajasema. Nilisimama na birika mpaka mkono ukafa ganzi.

"Jamani!" wifi akafoka kutoka jikoni. "Leo mwezeshaji ni mmoja, ni mimi. Nyinyi washiriki. Chai!"

Wakanywa chai.

Lakini kuna jambo moja ambalo halifanyii mzaha. Alilifundisha katika kila mji aliofika, na mara mbili nilikuwepo. Mtu akitoka kwenye duara la viti huku uso umembadilika, anayeongoza kikao anamfuata. Hamtumi mtu. Anakwenda mwenyewe.

"Na ratiba je?" aliuliza mwalimu mkuu mstaafu wa mji wetu, ambaye kengele ya shule bado inalia kichwani mwake.

"Ratiba haitalia chooni peke yake, Mwalimu."

"Hata kama ni kikao kikubwa?"

"Hicho ndicho hasa. Kwenye kikao kikubwa ndiko mtu anapotea na hakuna anayeona."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa, lakini akakubali. Ni mtu mwema. Naomba mlikumbuke hilo, maana anakuja tena.

Mwaka jana wifi alipania. Ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kupewa nafasi ya kufungua salamu hizo, ya kwanza kabisa duniani. Akashona gauni la buluu. Akaifanyia mazoezi salamu yake mbele ya friji yangu, kwa sababu ilikuwa na urefu wa kamera. Mimi, ambaye nimefundisha Kiingereza chuoni maisha yangu yote ya kazi, nathibitisha kwamba Kiingereza chake kilikuwa safi. Nilimrekebisha neno moja, akalirudisha lake, na lake lilikuwa zuri zaidi. Kwa hiyo wale wa chenga watafute hadithi nyingine.

Ukumbi ulikuwa wa chuo kile nilichofundisha. Mimi ndiye niliyeuomba, kwa jina la familia, basi nikaona ni wajibu wangu kuwapo kama mwenyeji. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, mkoba magotini. Viti vilikuwa kwenye duara, skrini ukutani, na kwenye skrini miji yetu mingine imejipanga kama madirisha ya ghorofa. Fundi, kwenye dirisha lake, alikuwa ameshaanza kutafuta miwani yake hadharani.

Swali la mwaka ule lilikuwa hili: Nani anakusikiliza wewe? Kwa watu ambao kazi yao ni kusikiliza wengine, ni swali lenye meno. Waligawanyika wawili wawili, na muuguzi mmoja akabaki hana mwenzake.

"Wifi," wifi yangu aliniita, "tusaidie. Muuguzi kabaki peke yake."

"Mimi si wa chama."

"Una masikio. Njoo."

Nikaenda. Muuguzi ni binti mwenye sauti ya chini, anayemfahamu kila mtu mjini kwetu kwa maradhi yake na hamtaji yeyote. Akaniuliza lile swali. Nikamjibu upesi, kama mtu anayejaza jibu analolijua:

"Mume wangu."

Alikuwa na habari zetu. Alikuwepo mazishini. Hakunisahihisha, hakunipa pole. Alisubiri tu, kama wifi alivyowafundisha. Kusubiri kule ndiko kulikonimaliza.

Nilifunga mkoba, nikasema naenda kuangalia chai, nikatembea. Nilitembea vizuri, sidhani kama kuna aliyegundua. Tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyewahi kuniona nikilia, na sikukusudia kuanzia kwenye ukumbi wa chuo. Nilifika chumba cha chai, nikashika sinki.

Yaliyotokea nyuma yangu nilisimuliwa baadaye na muuguzi. Wifi alikuwa ameshakaa mbele ya kamera, vipokea sauti masikioni. Dunia ilikuwa inahesabu kurudi nyuma. Aliniona nikipita. Akavua vile vifaa, akaviweka mezani taratibu, asije akamkwaruza mtu masikio huko ng'ambo, akamgeukia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, wasalimie."

"Mimi? Niwaambie nini?"

"Waambie hatujambo."

Akaondoka. Nchi zote zikaona kiti kitupu, kisha tumbo la mwalimu mkuu likikaribia.

Wifi aliingia chumba cha chai, akafunga mlango, akageuza ufunguo. Hatukutoka mpaka ukumbi ulipokuwa umebaki na mfagiaji.

Kwenye gari nilimwambia kwamba nitawaeleza watu sababu. Alikuwa anaendesha yeye, na anapoendesha hasikii la mtu.

"Usithubutu. Umeishi mji huu na heshima yako imenyooka. Waache waniseme mimi. Nimetukanwa na madaktari wa kila fani, nini hiki?"

"Watakuharibia kazi yako."

"Ya kwenye duara hubaki kwenye duara, wifi."

"Mimi nilikuwa chumba cha chai."

"Chumba cha chai nacho ni duara. Dogo."

Basi nikanyamaza, kwa kuwa ndivyo alivyotaka, na maneno yakaanza kumea. Kwanza lile la Kiingereza. Halafu presha. Halafu dirisha. Aliyachukua kwa kicheko, lakini nilimwona siku moja akilikunja gauni la buluu na kulisukuma chini kabisa ya sanduku. Simu za kutoka mijini zikapungua. Watu wakaanza kumpigia mwalimu mkuu kumuuliza habari za viti.

Mwezi uliopita ulifika wakati wa kumchagua mratibu wa mwaka huu. Kikao kilifanyika kwa kompyuta, mchana, hapo hapo mezani kwangu. Mimi nilikuwa upande wa pili nikichambua mchele, nje ya kamera. Walikuwa na adabu mno, na adabu ya wawezeshaji inachoma.

"Dada, hakuna anayekulaumu," alianza mwalimu mkuu. "Ila miji inauliza. Tulijiandaa mwaka mzima. Ulikwenda wapi?"

"Nilikuwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu aliyetoka."

"Tunaweza kumjua?"

"Hapana."

Kisha sauti ya mwanamke wa mji mmoja, laini kama siagi: "Labda tumpumzishe Mama Viti mwaka huu. Wenzangu mnaonaje?"

Nilimtazama wifi. Alikuwa ameinamisha uso, anabonyeza kitu kwenye simu ambayo ilikuwa imezimwa. Mtu aliyeunganisha nchi nzima kwa sauti yake alikuwa anajiandaa kutoka kwenye laini, na kwa ajili yangu. Nikaweka sinia chini, nikavuta kiti changu mpaka kamera ikanipata.

"Wifi, usi—"

"Habari zenu," nikasema. "Mtu huyo ni mimi."

Fundi ndiye aliyezinduka kwanza: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

Mwalimu mkuu alivua miwani. "Ah. Mama. Pole sana. Na... tatizo lilikuwa nini hasa?"

"Mwalimu, ulifundishwa na huyu kwamba mtu akitoka, kiongozi anamfuata?"

"Nilifundishwa."

"Ulifundishwa na kumsubiri mlangoni umwulize alichokuwa analilia?"

Fundi alicheka mpaka kamera yake ikaanguka, tukabaki tunatazama dari ya karakana yake. Mwalimu mkuu naye akacheka, polepole, akijifuta macho, akawa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mama Viti aendelee," alisema. "Na naomba iandikwe kwamba mimi salamu sitoi tena. Niliwaambia habari za asubuhi watu waliokuwa wamevaa nguo za kulalia."

Mikono ikanyooka dirisha kwa dirisha. Yule mwenye sauti ya siagi alikuwa wa mwisho, lakini alinyoosha.

Wifi alininunia mpaka jioni. Aliosha vyombo kwa kelele ambayo jirani waliisikia.

"Umejianika," alisema.

"Nimekuanua wewe," nikamjibu.

Akasimama na sahani mkononi, maji yanachuruzika sakafuni kwangu, halafu akaanza kucheka, akaniuliza kama nadhani gauni la buluu bado linamkaa. Nilimwambia alivae kwanza aone, asinisumbue. Alilivaa. Linamkaa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa wapi, nimesema. Kwa nini, nimesema. Nimeandika na jambo ambalo nisingeliandika kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, na sitalirudia. Juzi yule mama wa duka la vitambaa, sasa akiwa amebadili wimbo, aliniuliza kwa upole tulizungumza nini muda wote ule tukiwa tumejifungia. Nilimlipa kitambaa changu nikaondoka. Na wewe msomaji, ukinikuta njiani, niulize habari za afya, za mvua, za wajukuu. Yale ya chumba cha chai ni yangu na wifi yangu. Siyasemi.